Mega si unga wa meka: tuchague rezo kwa akili, kisha tudai mega zisife

Kolwezi nzima, kuanzia katikati ya mji hadi Kasulo, Kapata na Luilu, ni vigumu kupata njia panda isiyo na parasoli ya muuza yunite. Kila parasoli ina rangi ya kampuni yake, na kila kampuni ina ahadi yake: giga nyingi, franka chache. Na swali ambalo watu huulizana ni lile lile siku zote: rezo gani ni nzuri?

Swali hilo halina jibu moja, na ndiyo maana hatuachi kuliuliza. Vodacom, Airtel na Orange zote zina watu wanaozisifu na watu wanaozitukana. Mara nyingi wote wanasema kweli, kwa sababu hawakai mtaa mmoja na hawaingii kwenye intaneti saa moja. Mtu anayetaka kutunza pesa yake anapaswa kujiuliza maswali mawili mengine: mega hizi nitazitumia wapi, na zitakufa lini? Halafu sisi wote pamoja tunapaswa kuwauliza wakubwa swali la tatu: kwa nini mega iliyokwisha kulipiwa inakufa?

Si mchezo wa vijana

Wako wazee wanaofikiri bado kwamba mega ni mambo ya TikTok na vichekesho. Wamekosea. Katika mji huu mega zimekuwa chombo cha kazi, sawa na koleo na mizani.

Mchimbaji mdogo anayepeleka mfuko wake wa madini depo anauza kwa bei inayofuata soko la shaba la London, mji ambao hajawahi kuuona. Mnunuzi ana bei hiyo kwenye simu yake tangu asubuhi. Mchimbaji asiye na mega anaisikia kutoka mdomoni mwa mnunuzi huyo huyo. Ni nani atakayepunjwa kati yao?

Tukumbuke mwaka 2025. Mwezi wa Februari serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi 4. Baadaye ikarefusha muda huo, na katikati ya Oktoba ikaleta mfumo wa kota. Kila tangazo la namna hiyo linagusa bei ya mfuko ulio mgongoni mwa mtu anayeelekea Musompo kuuza. Aliyesoma habari siku ile ile aliweza kuamua: nauza leo, nangoja, au nageukia shaba. Ambaye mega zake zilikufa usiku uliotangulia aliamua gizani.

Na si wachimbaji tu. Kijana anayetafuta kazi kwenye kampuni zinazohudumia migodi anatuma barua na diplome yake kwa simu, na akiitwa kwa mahojiano anaitwa kwa simu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anapokea silabusi kwa WhatsApp. Mama anayeagiza nguo kutoka Lubumbashi au Kasumbalesa anachagua mali kwa picha kabla ya kutuma pesa. Familia iliyo na mtoto Kinshasa au Afrika Kusini inaongea naye kwa WhatsApp, kwa kuwa simu ya kawaida ya nje ya nchi ni ghali mno.

Kuna uchungu fulani katika jambo hili. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inatoka hapa Lualaba. Betri za simu za watu wa Ulaya, Uchina na Marekani zina udongo wetu ndani yake. Lakini mtu anayeishi juu ya udongo huo ndiye anayehesabu mega moja moja kama anayehesabu vidonge vya dawa.

Swali la kwanza: wapi?

Simu yako haiongei na Vodacom nzima wala Airtel nzima. Inaongea na antena moja iliyo karibu nawe. Kwa hiyo sifa ya kampuni Kinshasa au Lubumbashi haikusaidii kitu ukiwa Luilu. Kinachokusaidia ni hali ya antena ile, mtaa ule, saa ile.

Antena ina uwezo wake na inaugawa kwa wote walioshikana nayo. Saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini na shuleni, wanaogawana ni wachache na intaneti inakimbia. Saa mbili usiku kila mtu amerudi nyumbani, kila mtu anafungua video, na rezo ile ile inatambaa kama kinyonga. Ndiyo maana mtu anayejaribu rezo mchana kisha akanunua forfe ya mwezi anaweza kushangaa jioni ya kwanza.

Halafu kuna sura ya nchi yenyewe. Kolwezi imezungukwa na mashimo makubwa ya migodi na milima ya mabaki ya udongo. Nyumba iliyo nyuma ya mlima wa namna hiyo, au iliyo bondeni, inaweza kukosa rezo ambayo jirani wa mita 300 anaipata bila shida. Ukitoka mjini kwenda Lubudi, au ukishika njia ya Mutshatsha kuelekea Dilolo, usitegemee kwamba kila rezo itakufuata. Mfanyabiashara wa njia ile ajue kijiji baada ya kijiji ni kampuni gani inafika. Madereva wanajua, waulizwe wao kuliko muuza yunite wa mjini.

Jambo la tatu ni umeme. Hapa Lualaba tuna mabwawa ya Nzilo na Nseke, na tangu 1982 kuna ule mstari mkubwa wa umeme unaotoka Inga hadi Kolwezi, safari ya kilomita karibu 1,700, uliojengwa kwa ajili ya migodi. Pamoja na hayo yote, mitaa yetu inajua vizuri maneno haya: SNEL imekata. Umeme ukikatika, antena inategemea betri, sola au jenereta ya mazutu. Ikiwa betri zimechoka au mazutu yameisha, antena inakufa na mtaa mzima unalia kwamba kampuni ni mbaya.

Hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Minara mingi si mali ya kampuni ya simu. Kampuni iitwayo Helios Towers, iliyoanza kazi nchini Kongo mwaka 2011, inakodisha minara yake kwa zaidi ya rezo moja. Maana yake ni kwamba kadi sim mbili za rangi mbili zinaweza kuning'inia kwenye mnara mmoja, na tatizo la umeme la mnara huo linaweza kuzigusa zote mbili pamoja. Kama unanunua kadi ya pili ili iwe akiba, tazama kwanza: rezo yako ya kwanza inapopotea, ile ya pili inabaki? Ikiwa zinapotea pamoja kila mara, huna akiba, una mzigo.

Mara nyingine kosa liko mbali sana. Agosti 2023, kebo ya baharini ya WACS, ile inayofika nchini kwetu kupitia Muanda, ilikatika, na intaneti ikawa taabu. Siku za namna hiyo ni nzuri kwa kujifunza: angalia ni rezo gani imepunguza mwendo tu na ni ipi imezimika kabisa. Kampuni yenye njia zaidi ya moja za kutoka nje ya nchi inajulikana siku hiyo, si siku ya matangazo.

Basi, jinsi ya kujaribu. Kabla ya kununua forfe kubwa, nunua ndogo kabisa, au omba simu ya ndugu au jirani mwenye rezo hiyo. Jaribu sehemu tatu: nyumbani ndani ya chumba unacholala, kazini, na njiani unakopita kila siku. Jaribu saa tatu: asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Tuma ujumbe wa sauti wa dakika moja, fungua ukurasa mmoja wa habari, piga simu ya WhatsApp ya dakika mbili. Andika matokeo kwenye karatasi. Programu za kupima mwendo wa intaneti usizitumie ovyo, maana zenyewe zinakula mega nyingi kwa kupima mara moja tu.

Chunguza pia simu yako. Huduma ya 4G ilianza Kongo mwaka 2018, lakini simu nyingi zilizo mikononi mwa watu ni za 3G, na hazitapokea 4G hata ukinunua forfe ya bei gani. Kadi sim ya zamani nayo inaweza kuhitaji kubadilishwa. Kulipia mwendo ambao simu yako haiwezi kuupokea ni sawa na kununua mafuta ya gari kwa ajili ya baiskeli.

Swali la pili: lini?

Mama wa nyumba Kolwezi anajua hesabu ya unga. Anayenunua mfuko mzima analipa kidogo kwa kila kilo. Anayenunua meka moja moja analipa zaidi, lakini hana la kufanya: pesa ya mfuko haipo. Hapo maskini ameshapigwa mara moja. Lakini angalau unga wa meka aliounua leo, kama familia imekula bukari kidogo, kesho asubuhi utakuwa bado ndani ya sufuria yake. Hakuna mtu atakayeingia usiku wa manane kuuchukua.

Mega si hivyo. Anayenunua forfe ya siku analipa zaidi kwa kila mega, na usiku wa manane, au saa 24 zikitimia, zilizobaki zinachukuliwa. Maskini anapigwa mara mbili. Hapa ndipo sehemu kubwa ya pesa yetu inapotelea, na tangazo la parasoli haliwezi kukuonyesha.

Tufanye hesabu. Namba hizi si bei za kampuni yoyote. Ni za kujifunzia tu, kila mtu aweke za kwake. Tuseme forfe ya siku ni franka 1,000 kwa mega 200. Ya juma ni franka 4,000 kwa mega 1,000. Ya mwezi ni franka 15,000 kwa mega 5,000. Kwenye tangazo, mega moja ni franka 5 kwa siku, franka 4 kwa juma, franka 3 kwa mwezi. Kila mtu atasema: ya mwezi ndiyo rahisi.

Ngoja. Mtu mmoja anatumia intaneti kwa ujumbe na simu chache. Kwa mwezi anamaliza mega 2,000 tu. Akinunua ya mwezi, mega 3,000 zinakufa mikononi mwake. Amelipa franka 15,000 kwa mega 2,000: kila mega imemgharimu franka 7 na nusu. Mwingine ananunua ya siku kila asubuhi, anatumia mega 120, na 80 zinakufa usiku. Kila mega imemgharimu franka zaidi ya 8, na mwisho wa mwezi ametoa franka 30,000. Wa tatu ananunua ya juma na kutumia 900 kati ya 1,000. Kila mega imemgharimu chini ya franka 4 na nusu. Huyu ndiye aliyenunua rahisi, ingawa kwenye tangazo forfe yake haikuwa ya bei ya chini kabisa.

Sheria ni fupi: usigawe bei kwa mega ulizopewa, gawa kwa mega ulizotumia. Simu nyingi zinaonyesha, ndani ya mipangilio, mega ulizotumia mwezi mzima na ni programu gani imezila. Tazama hapo kwanza, halafu ndipo uende kwenye parasoli.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mega, haba na haba hutoboa mfuko. Anayenunua kila siku kwa sababu anapata pesa kila siku, kama dereva wa pikipiki au muuza makala, ajaribu jambo hili: badala ya kununua kila asubuhi, aweke ile pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money siku tatu au nne, kisha anunue ya juma. Siku hizo za kwanza ni za kufunga mkanda. Baada ya hapo amevuka.

Mitego ya kwenye tangazo

Soma tangazo hadi mwisho. Giga zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi si za aina moja. Sehemu yake inaweza kuwa mega za usiku, zinazofanya kazi wakati umelala. Sehemu nyingine inaweza kuwa ya programu moja tu. Uliza: ngapi ni za saa zote na za matumizi yote? Hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye hesabu. Zilizobaki zichukue kama matabishi: ni nzuri zikija, lakini hakuna anayekwenda sokoni kununua matabishi.

Uliza pia muda unahesabiwa vipi. Siku moja ni saa 24 tangu kununua, au ni hadi usiku wa manane? Ukinunua saa kumi na mbili jioni, tofauti hiyo ni kubwa.

Mtego mbaya zaidi ni yunite zilizobaki kwenye simu. Forfe ikiisha na intaneti ikabaki wazi, simu inaweza kuendelea kula yunite kwa bei ya nje ya forfe, ambayo ni kali. Mtu anaweka yunite za kumpigia mama yake Likasi, anafungua video moja, na dakika chache baadaye hana cha kupigia. Dawa yake ni kutoweka yunite nyingi. Pesa ikae kwenye akaunti ya simu, uigeuze kuwa forfe saa ya kununua tu. Na kama simu ina sehemu ya kuweka mpaka wa mega, uweke.

Kuna pia wezi wa ndani ya simu. Video ndiyo mlaji mkubwa: saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kumeza mega 500 na zaidi, wakati dakika ya simu ya sauti kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki mega 1. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video kwenye WhatsApp, maana video za grupu la familia na la kanisa zinaingia hata usipozitazama. Weka programu zijisasishe pale tu unapopata Wi-Fi.

Kadi mbili, kazi mbili

Watu wengi wanabaki na rezo mbaya kwa sababu moja ya haki: namba yao ndiyo inayopokea pesa. Wateja wote wanaijua, mshahara unapita hapo, deni linalipwa hapo. Kuiacha ni kama kuhama nyumba bila kuwaambia jamaa.

Lakini hakuna sheria inayosema namba ya pesa iwe pia namba ya mega. Kama simu yako inapokea kadi mbili, gawanya kazi. Namba ya kwanza ibaki kwa simu na pesa, isihame kamwe. Ya pili iwe ya intaneti, na hiyo isiwe na upendo wowote: mwezi huu rezo hii ni nzuri mtaani kwako, inunue, mwezi ujao imeharibika, iache. Kampuni itakapoona wateja wa mega wanaondoka haraka kama wanavyokuja, itajifunza adabu ambayo malalamiko peke yake hayajaifundisha.

Na tangu Mei 2025 kuna jina jipya: Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipata ruhusa nchini baada ya mwaka mmoja nyuma kutangazwa kuwa ni haramu. Watu wengi wanaiongelea kama mwokozi. Kwa shule, hospitali, duka kubwa au kijiji kilicho mbali na antena, inaweza kuwa jibu. Kwa mama anayenunua meka ya unga, si jibu: lazima kwanza kununua kifaa, kisha kulipa kila mwezi, na umeme wa kukiendesha uwepo. Majirani wakiungana, hesabu inabadilika. Mmoja mmoja, tutabaki na mega.

Swali la tatu ni letu sote

Ujanja wote huo unasaidia, lakini una mpaka. Raia hawezi kila siku kuwa mhasibu ili asiibiwe. Mahali fulani lazima sheria imsimamie.

Kampuni za simu zina utetezi wao, na tuusikilize. Zinasema mega haiwekwi ghalani kama mahindi. Ni kama kiti cha basi: basi la Lubumbashi likiondoka na kiti kitupu, kiti kile hakiwezi kuuzwa kesho. Antena inagharimu ikitumiwa au isipotumiwa. Mazutu ni ghali, barabara ni mbaya, kodi ni nyingi. Forfe ya siku moja, zinasema, ndiyo inayomwezesha mtu mwenye franka chache kuingia kwenye intaneti.

Mfano wa basi ni mzuri, tena unatusaidia sisi. Abiria akichelewa mwenyewe, tiketi imekufa, haya. Lakini basi lenyewe lisipokuja, tiketi inakuwa halali kesho. Kwa nini basi antena ikikaa bila umeme saa 10, saa ya forfe yangu inaendelea kutembea? Mimi nilikuwepo kituoni. Basi ndilo halikuja.

Na nchi nyingine zimeonyesha kwamba inawezekana. Afrika Kusini, tangu Machi 2019, kampuni zinalazimika kumpa mteja njia ya kusogeza mbele data iliyobaki na ya kumpa mtu mwingine, na haziruhusiwi kumtoza bei ya nje ya forfe bila yeye kukubali. Kenya, Oktoba 2019, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na tarehe ya kufa, baada ya wateja kulalamika hadi kwenye mashtaka. Tanzania, ambako forfe wanaiita kifurushi, ilitoa kanuni mwaka 2021: mteja ajulishwe kifurushi kinapokaribia kwisha na kinapokwisha, na aweze kumhamishia mwingine. Hakuna kampuni iliyofunga milango katika nchi hizo kwa sababu ya kanuni hizi. Na Vodacom na Airtel ni majina yale yale yanayojulikana huko na hapa. Wanachoweza kufanya Dar es Salaam wanaweza kukifanya Kolwezi.

Sisi tuna ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, na tuna sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano. Chombo kipo. Kinachokosekana ni sauti ya kukisukuma. Na tusiseme sauti ya raia haifiki. Septemba 2020 serikali ilileta RAM, ule ushuru wa kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kuendelea, zikikatwa kutoka kwenye yunite zetu. Watu walipiga kelele, vijana waliandamana, wabunge waliuliza maswali, na mwanzoni mwa 2022 RAM iliondolewa. Kilichoondolewa kwa kelele za raia wote kinaonyesha kwamba kelele zina kazi.

Basi tudai mambo manne, yaliyo wazi kiasi kwamba hata mtoto anaweza kuyaeleza. Moja: mega zilizobaki zisogezwe mbele mteja anaponunua forfe nyingine. Mbili: antena ikizimika, saa ya forfe isimame. Tatu: forfe ikiisha, intaneti ikatike yenyewe; yunite zisiguswe bila ruhusa ya mwenyewe. Nne: kila kampuni itangaze, komine kwa komine na teritware kwa teritware, antena zake zilifanya kazi saa ngapi kwa mwezi. Hilo la nne litamaliza ubishi wa "rezo gani ni nzuri", kwa sababu jibu litakuwa ubaoni.

Wabunge wetu wa jimbo la Lualaba, pale Kolwezi, na wa taifa, pale Kinshasa, wanatumia simu hizi hizi. Wanapenda kuongea juu ya shaba na kobalti, na wana haki. Lakini mtu wa Kapata au Fungurume hagusi shaba kila siku, anagusa simu. Mjumbe anayetaka kura mtaani aulizwe jambo hili kwa jina lake: mega zetu zinakufa, umefanya nini?

Wakati tunangoja jibu, kila mmoja alinde pesa yake. Jaribu saa mbili usiku kabla ya kununua. Gawa bei kwa mega ulizotumia. Usiache yunite nyingi kwenye simu. Na ukiona mega 80 zimebaki saa tano usiku, usizilalie bure: mpigie ndugu yako aliye mbali, umsalimie. Afadhali zifie kwenye sauti ya mtu kuliko kwenye kasha la kampuni.